Siku Tulipombeba Shemeji

Msimu ule pamba ilipong'olewa, mume wangu alikuwa visiwani, kule mto wa Rufiji unapogawanyika na kuingia baharini. Alikuwa seremala, akitengeneza mashua za watu wa serikali waliokuwa wakikatisha boriti za mikoko. Kazi ikilegea alikuja nyumbani Ruaruke akinuka lami na matope, analala, anakula, anambeba binti yetu mabegani mpaka kwenye mashamba ya mpunga, kisha anarudi. Safari hiyo alikawia. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena, na mama mkwe wangu akawa ananitazama.

Sikuzaliwa Rufiji. Kwetu sikujui. Ninachokumbuka ni mgongo wa mtu aliyenibeba kwenye jua kali, kisha misheni ya Bagamoyo, ambako mapadri walinikomboa utumwani nikiwa bado na meno ya kitoto. Masista walinilea, wakanibatiza, wakanifundisha kushona, kuosha vidonda na kusali. Tuliwaita mama, lakini walikuwa mama wa watoto wote, na wewe ukilia ulingoja zamu yako.

Mume wangu alikuwa mtu wa Ruaruke hasa, Mndengereko, mtoto wa Waislamu. Udogoni aliugua vibaya, na mjomba wake, aliyesikia sifa za dawa za mapadri, akampeleka kwao. Akapona, akabaki, akajifunza useremala, akabatizwa. Tulifunga ndoa kanisani, na alipopata kazi ya visiwani aliniambia, "Twende kwa mama." Njia nzima nilikuwa naogopa. Nilijiuliza mwanamke huyo atanionaje, mimi nisiye na ukoo, nimevaa rozari shingoni, mke wa mwanawe aliyeiacha dini ya baba zake.

Alitoka mlangoni na unga mikononi. Akanitazama kuanzia miguuni, macho yakafika shingoni, yakakaa hapo kidogo. Kisha akasema, "Umekula?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Ruaruke hapakuwa na kanisa wala padri, na Wakatoliki tulikuwa mimi na mume wangu na binti yetu, ambaye tulimbatiza safari moja tuliyokwenda Bagamoyo. Jumapili nilivaa kanga safi nikaketi nyuma ya nyumba na rozari yangu. Mama mkwe aliwafukuza kuku na kuwaambia watoto wa jirani, "Mwacheni, anasali." Nami Ijumaa nilimpashia maji ya kutawadha, kwa sababu magoti yalimuuma na maji baridi yalimzidishia. Siku moja aliniuliza, "Huyo Maria unayemwita ndiye Maryamu wetu?"

"Ndiye, mama."

"Basi mtajie na magoti yangu."

Katika nyumba ile alikuwemo pia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko, fundi wa kupanda minazi. Mke wake alijifungua mtoto wa kiume akafuatwa na homa, na homa ile ikamwondoa. Walipomleta mtoto kwangu alikuwa bado na unyevu wa maji ya kuoshwa. Binti yangu alikuwa ananyonya bado. Nilimweka mtoto yule titi la pili, akalishika kwa nguvu kama aliyekuwa akilitafuta siku nyingi. Mama mkwe akakaa kando yangu, akagonganisha viganja vyake mara moja akasema, "Kuanzia leo hawa wawili ni ndugu. Hawaoani." Shemeji alisimama mlangoni akilia, na alipomaliza kulia aliniletea madafu mengi kuliko tulivyoweza kunywa.

Nasimulia haya ili ieleweke kwamba kilichotokea baadaye hakikutokea baina ya watu waliochukiana.

Habari za maji zilianza kwa minong'ono. Watu walikuwa wakienda Ngarambe, ng'ambo ya mto, kwa mganga aliyesemekana amepewa dawa. Ukinywa maji yale na kunyunyiziwa, risasi za Wadachi zingekuangukia kama matone ya mvua. Wanaume walikwenda kwa makundi kama waendao harusini, wakarudi kimya, hawalali na wake zao, hawasalimiani kama zamani. Mimi sikushangaa kwamba watu walitaka vita. Pamba ile ya shamba la akida niliilima na mimi, mtoto mgongoni, na mjeledi haukuniuliza dini yangu. Lakini nilijua pia kwamba Mdachi aliyeshika mjeledi ule alikuwa na msalaba kama wangu. Jambo hilo lilinikosesha raha. Nilikuwa nikianza sala, naikatisha, nainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Kisha pamba ikang'olewa Matumbi kuwa ishara ya vita, ikang'olewa na kwetu. Shemeji alikwenda Ngarambe akarudi na kibuyu.

Alinikuta uwanjani natwanga. Alikuja na wenzake wawili, wakasimama nyuma yake. Hakuniamkia.

"Shemeji," akasema, "watu wote wa nyumba hii wanywe. Na hicho cha shingoni ukivue."

"Kwa nini nikivue?"

"Watu wanasema humu ndani kuna jicho la Mdachi."

"Na wewe unasemaje?"

Akatazama chini. "Mimi nasema unywe."

Nilimwambia siwezi kunywa dawa ya vita. Akasema si dawa ya vita, ni kinga. Nikamwambia kinga ninayo. Hapo sauti yake ikabadilika. "Kule Matumbi watu wa msalaba hawaachwi. Ukifa usiseme hukuambiwa." Akanyoosha mkono kuelekea shingoni mwangu. Sijui kama angeivuta rozari ile. Mpaka leo sijui, kwa sababu mama mkwe alitokea ndani na yule mtoto mkononi, akaja akasimama katikati yetu.

"Mwanao huyu," akamwambia, "leo asubuhi amekunywa nini?"

Shemeji akamtazama mtoto.

"Amekunywa maziwa ya huyu. Kama huyu ni adui, basi mtapishe mwanao kwanza."

Wenzake wakaangaliana. Mmoja akacheka kidogo kwa haya, wakaondoka. Shemeji aliondoka nao, na hakurudi kuaga. Tulisikia tu kwamba wamekwenda vitani upande wa Kibata. Kibuyu alikiacha ukutani. Mama mkwe alikihamishia nyuma ya nyumba, hakukimwaga wala hakukinywa.

Kutoka kwa mume wangu hakukuja neno mpaka mkata mikoko mmoja alipopita akikimbilia kwao Umwe. Tulimpa uji, akaunywa wima. Akasema serikali imewakusanya wafanyakazi wa visiwani kubeba mizigo ya askari, na kwamba amemwona mume wangu Mohoro, ana sanduku la risasi kichwani, wanakwenda milima ya Kibata.

"Alikwambia nini?" nikamuuliza.

"Alisema mwambie mke wangu asiondoke kwa mama."

Mama mkwe aliketi chini palepale, hakutafuta mkeka. "Mmoja anabeba risasi," akasema, "mwingine anazingojea."

Nilianza kuwa mtu asiyekaa. Nilifunga kanga zangu na unga kidogo ili niende Mohoro, nikamweka binti mgongoni, nikafika mwisho wa mashamba, nikasikia yule mtoto wa kiume analia kwa njaa nyumbani, au nikadhani nasikia, nikarudi. Kesho yake nikafunga tena. Mama mkwe hakunizuia hata mara moja. Alinifungulia tu mzigo niliporudi, akarudisha unga mahali pake. Rozari niliisali nikitembea, maana nikiketi nilipoteza hesabu.

Shemeji alirudi akiwa amebebwa na watu waliomwacha mlangoni wakakimbilia porini. Risasi ilikuwa imepita kwenye paja. Wenzake wale wawili hawakurudi. Tulimlaza chumbani kwangu kwa kuwa ndicho kilichokuwa na giza na hewa. Hakunitazama. Aligeuza uso ukutani, nami nikafungua kile kitambaa alichofungwa, na harufu ikajaa chumba kizima.

Nilijifunza kuosha vidonda misheni, kwa maji ya moto na chumvi. Mama mkwe alijua majani ya kukausha usaha. Tulifanya kazi hiyo kila asubuhi na kila jioni, yeye akimshika mabega, mimi nikiokota funza. Ningependa kusema kwamba nilimsamehe. Nilichokuwa nacho ni mikono tu iliyojua kazi, na nilipokuwa nikimwosha moyo wangu ulikuwa mbali, unaona sanduku la risasi juu ya kichwa cha mume wangu na kujiuliza risasi hii ilitoka sanduku lipi.

Siku moja alasiri alisema, uso ukiwa bado ukutani, "Shemeji, yale maji..."

"Geuka upande huu," nikamwambia. "Bado huku nyuma."

Akageuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nikaona afadhali niendelee kuosha tu. Lakini tangu siku ile nilipomaliza kumfunga nilikaa kidogo kabla ya kuinuka, na yeye alimwomba mtoto wake alazwe kifuani.

Moshi tuliuona kwanza upande wa Mtawanya. Wanaume waliobaki kijijini waliingia porini. Asubuhi askari walipofika Ruaruke walikuta wanawake, watoto, wazee, na mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mwenye jicho moja lililofunga ukungu, ambaye tangu nifike kijijini alikuwa akiniitikia salamu yangu kwa nusu sauti.

Mdachi alikuwa mmoja, amepanda punda, uso umebabuka kwa jua. Askari walianza kuingia nyumba kwa nyumba wakitoa mpunga. Nilisimama mlangoni pangu. Alipofika aliiona rozari, akateremka. Alizungumza Kiswahili cha amri lakini kilieleweka.

"Wewe Mkristo?"

"Ndiyo, bwana."

"Misheni gani?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama aliyepata ndugu, na jambo hilo likaniogopesha kuliko bunduki. "Vizuri. Niambie basi. Hapa nani alikunywa maji?"

Nyuma yangu, hatua chache tu, alikuwepo mtu aliyekunywa. Mbele yangu wanawake wa kijiji wote walikuwa wananitazama. Baadhi yao walikuwa ndio walioniita jicho la Mdachi.

"Bwana," nikasema, "nyumba hii ina mama mkwe wangu na watoto. Na ndani kuna mgonjwa, hali yake mbaya. Ingia umwone."

Harufu ya kidonda ilikuwa imefika mlangoni. Akaisikia. Akarudi nyuma hatua moja, akaweka mkono puani. "Ugonjwa gani?"

Kabla sijapata neno, mama mkwe akatoka ndani. Alikuwa amefungua kilemba chake, nywele zake nyeupe ziko wazi, na alipofika kizingitini alitoa kilio. Sijawahi kusikia kilio kama kile. Kilikuwa kilio cha msiba, kile cha kuwaita majirani. Wanawake wakaangaliana kwa kufumba na kufumbua, na wakaelewa. Mmoja akaitikia, wa pili akaitikia, uwanja mzima ukalia. Sidhani kama walikuwa wakiigiza. Kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumlilia.

Yule mwalimu wa chuo alikuja polepole akiongozwa na fimbo. Akaingia ndani. Nilimfuata. Shemeji alikuwa amekaa kitandani, macho yamemtoka, kisu mkononi. Mwalimu akamwambia kwa sauti ndogo, "Lala chini. Usipumue sana." Tukamfunika shuka langu, lile jeupe nililotoka nalo misheni, toka kichwani mpaka miguuni. Wazee wengine wakaleta jeneza la msikitini, kile kitanda cha kubebea maiti, wakamweka juu. Mtoto wake alikuwa mgongoni mwangu, na kwa rehema ya Mungu alikuwa amelala.

Walipotoka naye, mwalimu alianza, *Laa ilaaha illallah*, na wazee wakaitikia. Askari wengi wa Mdachi walikuwa Waislamu. Niliwaona wakishusha bunduki. Mmoja aliweka chini gunia la mpunga alilokuwa amelibeba, akasogea, akatia bega lake chini ya jeneza, akambeba shemeji yangu hatua kadhaa kama desturi ilivyo, kisha akampisha mwingine. Nilitembea nyuma ya jeneza. Niliona shuka linapanda na kushuka. Niliona doa linaanza kutokea upande wa paja. Yule Mdachi alivua kofia.

Tulikwenda mpaka makaburini, tukayapita, tukaingia kwenye matete. Nyuma yetu Ruaruke ilianza kuwaka.

Baadaye, tulipokuwa tumepumzika, nilimuuliza mwalimu kama kwao si dhambi kufanya mazishi ya uongo. "Mimi sikumsalia maiti," akasema. "Nilimtaja Mungu tu, na Mungu yupo." Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Na wewe ulimwambia aingie amwone. Je, kama angeingia?"

"Sijui, mwalimu."

"Hata mimi," akasema. Baada ya siku ile aliniitikia salamu kwa sauti nzima.

Tuliteremkia visiwani. Nilijidanganya kwamba labda mume wangu amerudi kazini kwake, lakini ghala la boriti lilikuwa na mlinzi tu. Mke wa mvuvi mmoja, mwanamke Mwislamu ambaye hakuwa amepata kutuona, alitupa nusu ya kibanda chake kilichojengwa juu ya nguzo, mikoko pande zote. Hakutuuliza tumetoka upande gani wa vita. Mumewe naye alikuwa amechukuliwa.

Njaa ilitukuta huko. Mpunga wa bonde ulikuwa umechomwa na mbegu pamoja nao. Tulikula kaa wa matopeni, tukachimba ndiga porini, vile viazi mwitu vyenye sumu ambavyo ni lazima uvikate na kuviloweka siku nyingi ndipo uvile, na wenye njaa kali hawakuweza kungoja. Tulizika watu wa vibanda vya jirani kwa sababu hiyo. Maziwa yangu yalipungua. Nilimpa kwanza yule mtoto wa shemeji, mdogo zaidi, halafu binti yangu, na binti yangu alijifunza kunitazama bila kulia, jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka lazima nisimame nitembee.

Kisha mtoto yule akaanza kuharisha. Macho yakaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Nilikuwa nimewaona watoto wa namna hiyo misheni. Masista walitufundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, hata awe wa nani, mmwagie maji kichwani, useme maneno ya ubatizo, umfungulie mbingu. Padri asipokuwepo mtu yeyote aweza. Walisema hata kwa siri.

Nilichota maji katika kifuu. Shemeji alikuwa ameegemea nguzo upande wa pili, mguu umenyooka mbele. Mama mkwe alikuwa anapepeta chenga alizookoteza. Nilimweka mtoto mapajani nikainua kifuu, na mkono wangu haukutaka kuteremka.

"Unampa dawa?" mama mkwe akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia kweli. Kwamba kwetu mtoto anayekufa humwagiwa maji, hutajwa Mungu, ili aende moja kwa moja.

"Na asipomwagiwa?"

Jibu la masista nililijua, lakini nikimtazama yeye halikutoka.

Akaweka ungo chini. "Baba yake yule pale. Muulize."

Shemeji alikuwa amesikia yote. "Mimi nilitaka kukunywesha maji yangu kwa nguvu," akasema. "Wewe unaniuliza. Fanya utakalo, shemeji."

Nilidhani ruhusa hiyo ingenipa nafuu. Haikunipa. Niliona uso wake na nikajua anasema hivyo kwa kuwa nimemwosha kidonda, kwa kuwa hana tena nguvu ya kunikatalia. Mtu wa namna hiyo ukichukua ruhusa yake umechukua nini? Na mtoto alikuwa amefungua mdomo, anautafuta mkono wangu. Nikachovya kidole katika kifuu nikamtia mdomoni. Akanyonya. Nikachovya tena. Nilisali Salamu Maria kwa sauti, na mama mkwe akaanza dua zake upande wake, na mimi sikujua tena nini ni sala na nini ni kumnywesha tu. Mwenyeji wetu akaingia na dafu alilokwenda kulitafuta kwa mtumbwi mbali, akatia chumvi kidogo, tukaendelea na hilo, kidole kwa kidole, kwa zamu, mpaka jua likageuka, likazama, likachomoza.

Mtoto hakufa. Amekuwa mtu mzima, anafundisha Kurani, ana watoto, na akinitembelea hunibusu mkono na kuniita mama. Nimefurahi naye maisha yangu yote. Lakini kuna siku naamka na swali lile liko palepale: je, kama angekufa, ningesema nini mbele ya Mungu? Sijapata mtu wa kunijibu, na wale walionijibu haraka sikuwaamini.

Tulirudi Ruaruke mvua zilipotulia. Nyumba zilikuwa majivu yaliyoota nyasi. Nilimwachia mama mkwe watoto nikaenda Mohoro, hatimaye nikafika. Nikawauliza wapagazi waliorudi. Mmoja alisema alimwona Kibata ana homa. Mwingine alisema amekwenda mbele na askari mpaka Liwale. Mwingine alisema seremala yule alitoroka usiku akaelekea bara. Hakuna aliyesema, "Nilimzika." Nilikwenda tena mwaka uliofuata, na mwingine tena. Kila nilipotoka, mama mkwe alinifungia chakula cha watu wawili, cha kwenda na cha kurudi naye.

Wazee walianza kusema kwamba niolewe na shemeji, kama ilivyokuwa desturi kwa mke wa marehemu. Nilingoja kwa hofu siku atakayokuja kuniambia. Dini yangu isingeniruhusu maadamu mume wangu hajulikani kama amekufa, na nilijua kwamba nikikataa sitakuwa na haki ya kukaa pale. Alikuja akichechemea, fimbo mkononi, akaketi mbali nami kidogo kwenye kigogo.

"Wazee wamesema nikurithi," akasema. "Nimewaambia kaka hajafa mpaka aje mtu aseme amemfukia kwa mikono yake."

Akachora mstari mchangani kwa fimbo.

"Nataka kuanza nyumba yako kabla ya masika. Nimekuja kuuliza mlango uelekee wapi."

"Njiani," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaanza kupima kwa fimbo yake. Aliijenga nyumba ile na mguu wake mbovu, akipanda juu ya paa kama alivyokuwa akipanda minazi, na wanawake waliopita waliniuliza kwa nini nalia wakati napewa nyumba.

Padri wa kwanza kupita sehemu zetu baada ya vita alikuja wakati watoto walipokuwa wamekua kiasi cha kutembea safari ndefu. Tulisikia amefikia Kibiti, anasafiri kwenda kusini, atasoma misa kwenye baraza la nyumba ya wageni. Mama mkwe alisema atanisindikiza. Nilimkumbusha magoti yake. Akasema magoti ni yake.

Watu wa misa tulikuwa wachache, mimi, wapagazi wa padri, na mke wa karani mmoja. Mama mkwe alikaa nje na watoto, kwenye kivuli cha ukuta, na kila nilipogeuka nilimwona ananitazama kwa utulivu kama alivyonitazama nikisali nyuma ya nyumba. Baadaye nilimwomba padri amwombee mume wangu. Akaniuliza, "Nimwombee kama mzima au kama marehemu?"

"Sijui, padri."

Alikuwa mtu wa makamo, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye ndevu. Sikutegemea atajua la kufanya, na nadhani hakujua. Akajipangusa ndevu, akasema, "Basi nitalitaja jina lake tu."

Tulipokuwa tunarudi mama mkwe aliniuliza padri amesemaje. Nikamweleza.

"Hata mimi ndivyo ninavyofanya," akasema.

Alichoka kabla hatujafika nusu ya njia. Tulikaa kando ya barabara tukala muhogo wa kuchemsha, watoto wakigombania kipande cha mwisho, naye akakikata na kuwagawia. Watu walikuwa wakipita kutoka kusini na mizigo, wengine peke yao, wengine makundi. Niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakapita. Mama mkwe akapigapiga nyasi kando yake.

"Kaa chini, mwanangu. Umesimama tangu tulipofika."

Nikakaa. Akanipa muhogo aliouficha kwenye upindo wa kanga, nikaula wote, yeye akinisimamia nimalize.